Kifuniko cha Mtungi

Miaka yote ile tulikunywa maji chini ya wimbo
na hakuna aliyetwambia.

Santuri nyeusi, ndogo, ya inchi saba.
Mama aliipitishia kamba ya usumba katikati,
akapiga fundo, ikawa kishikio.
Kata ya kifuu ikawekwa juu yake asubuhi na jioni,
Ramadhani kwa Ramadhani,
hata karatasi yake ikaanza kubanduka:
PANGABORI, Wete. Upande wa kwanza.

Hiyo R ni kosa la mpiga chapa wa Mombasa.
Walijiita Pangaboi,
kwa kuwa spika yao iliunguruma hivyo,
kama pangaboi la ofisi ya forodha
lililokosa mafuta.

Haya nimeyajua juzi tu, kwa Ghalib,
mtu wa Mlandege, miwani yake imefungwa uzi,
aliyeteremka Mkoani na gramafoni ya sanduku
akauliza njia nzima hadi kwetu Jadida:
"Nyumba ya marehemu Shaame Kombo, aliyekuwa posta?"
Miaka kumi na tisa anaisaka, alisema.
Mimi nikadhani anadai.

Akanipa majina, mmoja mmoja,
kama anayerejesha vitu vya watu:
Haroub Mbarouk, gitaa, alilolichonga mwenyewe
kwa mlango wa kabati na waya za breki za baiskeli;
Anselmo, fundi cherehani wa Kigoa, besi;
Time binti Faki, sauti, miaka kumi na saba,
ambaye kwao walijua yuko kwa shangazi
akijifunza kudarizi kofia;
na ngomani, kwa madebe matatu na sinia ya shaba,
baba'angu.

Baba'angu! Mtu wa mihuri na stempu,
aliyekula kimya, akaamka kimya,
ila vidole. Vidole havikuwahi kutulia mezani,
mama akivigonga kwa mwiko: Shaame, chakula.

Walirekodi usiku, mwaka sitini na sita,
ndani ya ghala la karafuu,
magunia yamepangwa ukutani yameze mwangwi.
Spika ilitafunwa na panya, wakaiacha vivyo hivyo.
Ghalib asema ule mkwaruzo wa gitaa
huko ng'ambo watu waliununua dukani.
Sisi tulipewa na panya.

Zikapigwa nakala hamsini.
Arubaini na kitu zilisahauliwa juani, gatini,
zikakunjamana kama chapati.
Nyengine, mambo ya wakati ule, usiniulize.
Time akaolewa Wesha. Haroub akenda Maskati, hakuandika.

Ghalib akakata kamba kwa kisu changu cha samaki,
akaiosha santuri kwa pamba na maji ya mvua,
akaiweka.

Kwanza mikwaruzo: hiyo ni kata,
miaka na miaka ya kata.
Kisha mtu akakohoa.
Kikohozi nakijua.
Kisha sauti, changa kuliko ya mwanangu,
inacheka, inajizuia, inahesabu:
moja, mbili, moja-mbili-tatu

na nyumba ikapigwa teke.

Sijui niseme nini juu ya wimbo wenyewe.
Maneno ya Time hayasikiki vyema;
pana "kesho", au pengine "kosa".
Haroub anakosea mara mbili,
mara ya tatu anakosea kwa makusudi.
Baba hakosei. Baba anakimbia.
Dakika mbili na nusu anakimbia
mtu ambaye sikupata kumwona
hata akiharakisha kuvuka njia.

Ghalib akavua miwani, akataja bei.
Bei ya bati za nyumba nzima, na misumari yake.
Hakunitazama akiitaja; kwa hilo nilimpenda.

Nikamwambia, geuza upande wa pili.
Akasema upande wa pili mtupu, fedha ziliwaishia.
Nikamwambia, geuza.

Tukausikiliza: chwa, chwa, chwa,
yeye kainamisha kichwa,
mimi vidole mezani.

Jikoni mtungi u wazi.
Nimeufunika kwa sahani. Haikuenea.