Ndoana ya Mamia

Mvua ilinyesha usiku kucha hapa St. George's,
asubuhi pichi ikaamka na rangi ya kasuku.
Nikajua: wapigaji watakiona cha mtema kuni.

Mimi hubadili tarakimu. Mwaka wa kumi na tisa huu
napanda ngazi nyuma ya ubao, mabati kwapani.
Siku mbili mabati ya mbio yalilala;
ya wiketi ndiyo yaliyonichubua vidole.

Waingereza sabini na moja. Sisi sitini na tatu.
Wao tena, themanini na nane,
na Lennard Mapp, mwana wa fundi majeneza,
kang'oa saba peke yake bila hata kutabasamu.

Ndoana ya mamia haikuguswa.
Ndege mdogo wa kifua cha njano
alikwisha kuisoma pichi kabla yetu sote:
amejenga pale, kwa nyasi kavu
na uzi wa kofia ya mtu.

Tukatafuta tisini na saba.
Thackray, mrefu kama mlingoti, alirusha mipira
iliyokata kona kama mdeni aliyemwona mdai.
Tisini na sita, wiketi tisa,
na Mapp kashika gongo
kama aliyeshikishwa mtoto wa jirani.

Alifumba macho, nadhani.
Mpira ukavuka kamba.

Mia!

Nikalichukua bati la moja, nikanyoosha mkono.
Kiotani, midomo miwili, wazi.
Nikalirudisha.

Ubao ukasomeka sifuri, sifuri,
na uwanja mzima ukazishangilia.