Piko la Nani?

Hina ya mkono huondoka kwa wiki mbili.
Ya mguu hukawia, ngozi ya chini ni nzito.
Nimeichora miaka thelathini na moja, hapa Kibokoni,
nyayo za maharusi nimezipakata kama watoto wachanga
na huu wangu sikuwahi kuugeuza.

Aliugeuza Zulekha, siku niliyoteleza kwa sabuni:
"Mama, hili piko la nani?"
Nikasema la juzi, litatoka.
Nikasugua kwa ndimu. Nikasugua kwa jiwe.
Mfungo Sita ukaingia, ukatoka,
doa liko pale pale, limenawiri,
kingo zake zimekatika-katika
kama ramani ya kisiwa kisicho na bandari.

Wakalikata. Wakaniambia jina lake, melanoma,
jina zuri, ungempa mjukuu.
Ila mkataji hakujua kama limeacha wana.

Basi leo niko ghorofa ya chini, isiyo na dirisha,
na Mghanga, kijana wa Wundanyi, ananieleza
taratibu, kama mtu anayehesabu chenji:
Peptidi, Bi Mwanatumu, ni mkufu mfupi,
shanga chache zilizotungwa kwa mpango.
Unaiga ule ujumbe wa mwili
unaoiamuru ngozi: fanya weusi.
Seli za ugonjwa wako zinaupenda ujumbe huo kupita kiasi,
zimejitoboa milango kila upande.
Mkiani mwa mkufu tumefunga galiamu, yenye mionzi.
Tunautuma ndani, ubishe hodi nyumba kwa nyumba.
Mwenye mlango ataitika karibu,
na mgeni akishaingia, sisi huku nje tunaona taa.

Nikacheka. Weusi ndiyo biashara yangu.
Nikamwambia, yaani mahasidi wangu
mmewapelekea kikuba cha asumini
chenye kaa ndani?
Akafikiri. "Si kaa la kuunguza," akasema.
"La kuonyesha tu."

Lakini haraka. Galiamu haingoji mtu:
dakika sitini na nane, nusu yake imekwenda;
sitini na nane tena, nusu ya nusu.
Asubuhi wameikamua mtamboni kama maziwa
na sasa inakuja mbio ndani ya kasha la risasi.
Risasi! Lugha yetu hii,
neno lile lile laua, lile lile lakinga.

Sindano, baridi kidogo. Kisha saa nzima ya kutofanya lolote.
Nisiongee sana, wamesema. Mimi!
Nikalala nikiusikiliza mwili ukibishwa hodi:
mapafu, kimya. Ini, kimya, au nadhani.
Nikaomba wasiitike.
Kisha nikaomba, kama wapo, waitike kwa sauti.
Sijui dua ipi ilitangulia kufika.

Pichani figo mbili zilikuwa zinawaka. Nikashika kifua.
"Hizo ni njia ya kutokea," akasema Mghanga,
"mgeni huaga akipitia huko." Na kibofu vile vile.
Kisha kinenani, upande wa kushoto,
nukta.
Ndogo, kama ile niiwekayo kabla ya ua,
ya kupimia katikati.
Daktari Nargis akaizungusha kalamu juu yake, hasemi.
Akapanda na picha hadi kichwani, akashuka hadi vidoleni.
"Moja," akasema. "Nimeitafuta ya pili.
Moja."

Jumanne watanikata tena.
Leo ni Alhamisi, na harusi nayo haingoji mtu.
Nimekunywa maji jagi zima, nimekaa mbali na wajukuu
mpaka jua limezama, kama nilivyoagizwa,
na baada ya isha bibi harusi akaninyooshea mguu.
Nikaushika. Kijiti sikukichovya.
Nikaivuta taa karibu,
nikaugeuza unyayo,
nikapekua kati ya kidole na kidole.

"Watafuta nini, somo?"
"Nyamaza," nikamwambia. "Nabisha hodi."