Hodi ya Tatu

Aliyeijenga nyumba hii alijua mambo.
Mlango wa njiani hautazamani na mlango wa ndani;
ukiachwa wazi, mpita njia ataona ukuta tu,
chokaa, na labda paka.
Ili uone kiwanda, mtungi, kamba ya nguo zangu,
shuti upinde kona, na kabla ya kona
shuti uambiwe karibu.
Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya.
Ya tatu, ukinyamaziwa, rudi ulikotoka,
hata uwe kadhi.

Sasa upo mlingoti pembeni mwa Mkomani
mrefu kuliko ukuta wa babu,
na juu yake jicho lisilojua kupinda kona.
Usiku lina kidoa chekundu.
Nimeacha kuosha nywele uwani.

Ngoja, nisijifanye malaika.
Barua ya kuomba jicho lile, dole gumba langu limo,
la kumi na nne kutoka juu;
wino ulivuja ukachafua jina la Bi Zamu.
Ulikuwa mwezi wa pili tangu Lali wangu
aletwe kutoka barabara ya Witu
ndani ya turubai la kufunikia simiti,
yeye na utingo wake, na magunia ya korosho
ambayo hakuna aliyetaka kuyanunua tena.
Siku ile ningetia dole
hata kwenye barua ya kuifunga bahari.
Nilisema: wasikizeni wote, fungueni kila simu,
pekueni kila kapu, mradi mumjue
aliyekizika kitu kile mchangani.
Nilisema wote. Sikujihesabu.

Mwaka jana nikampigia dada Mwanakombo, Siyu:
"Mzigo u tayari. Kijana atauleta usiku,
asipite forodhani, pana watu."
Mzigo: kofia sita za vito, za harusi ya Bunu.
Watu: wanaonidai pesa za nyuzi.
Siku tatu baadaye mtu ananisomea maneno yangu
kutoka karatasini, polepole, kama hukumu,
na pale nilipocheka
ameandika: anacheka.

Kijana alikuwa Shekuwe, mdogo wake Lali.
Siku kumi na moja sikujua analala chini ya paa gani.
Aliporudi aliomba chai.
Hakuomba kitu kingine hadi Ramadhani.

Siku hizi tukizungumza simuni, mimi na dada
twachota maneno ya bibi yetu yaliyoota kutu,
mato, mayi, nti,
na mengine twayabuni papo hapo.
Natumai anayesikiliza anavunjika kichwa.
Natumai pia, Mungu anisamehe, kwamba hasinzii,
maana usiku huu yuko mwana wa mtu
anaendesha lori kuja Witu.
Matumaini haya mawili yanalala kitanda kimoja kifuani mwangu,
na kila moja lavuta shuka.

Wakili aliyekuja kutoka Malindi, kijana, soksi za rangi,
alinieleza nikiwa natia sindano uzi:
kwanza hakimu atie sahihi,
paandikwe jina la anayetafutwa, na sababu,
na siku ambayo sikio litaondolewa mlangoni.
Nikamwambia, mwanangu, hiyo si ni hodi?
Kaniangalia kidogo. Kisha kaandika kitabuni mwake,
nami sikumuuliza kaandika nini.
Nimechoka kuuliza watu wameandika nini.

Leo alasiri Koplo Barasa amekuja.
Mara ile walipanda ngazi na viatu vyao.
Leo amesimama dakani, kofia mkononi, ana bahasha,
namwona kwa ufa wa mlango
(nami pia nina ufa wangu).
Amesema hodi.
Amekohoa, akasema tena hodi.
Shekuwe yuko juu, amekata redio.
Ya tatu bado hajaitoa,
na mkono wangu uko juu ya komeo.