Mume Wangu Anasema

Duka letu la Nipponbashi, mjini Osaka,
upana wake ni mtu mmoja akinyoosha mikono.
Mteja akisukuma mlango hunitazama,
kisha hutazama nyuma yangu, kana kwamba mimi ni pazia.
"Mwenyewe yupo?"

Zamani nilijibu: mwenyewe ni mimi.
Walicheka kwa adabu, wakaikumbatia redio yao,
wakaenda duka la pili kwa kijana
asiyeweza kutofautisha kapasita iliyovimba na punje ya haragwe.

Ndipo siku moja Morio akashuka na aproni,
mikono inanuka supu ya dagaa.
Morio, ambaye hata betri ya saa nilimbadilishia mimi!
Akasimama kwenye ngazi, akatoa ile sauti yake ya pipa:
"Kapasita imevimba. Njoo Alhamisi."
Maneno yangu yaleyale, nimemnong'oneza jikoni,
hakubadilisha hata nukta.
Mteja akainama, paji likakaribia kaunta.

Tukaishi hivyo miaka ishirini na sita.
Mimi nalehemu, yeye anatamka.
Usiku tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Sisemi sikuumia.
Nasema tulicheka.

Alikufa mwezi wa Juni, mvua hazikatiki. Koo.
Sauti ilitangulia, mwili ukafuata.
Siku ya nane nikafungua duka.
Akaingia bwana na kinanda cha umeme. "Mwenyewe yupo?"
Nikafungua kinywa niseme kweli,
nikaona anavyokikaza kifuani kinanda chake,
mguu mmoja tayari uko nje.
"Yuko juu. Hajisikii vizuri. Ngoja nimuulize."

Ngazi kumi na moja.
Picha yake, ubani, chungwa moja.
Nikahesabu hadi thelathini, nikashuka.
"Mume wangu anasema ni transista ya tatu."

Mwaka wa tatu huu, marehemu anatengeneza redio.
Kadi za Mwaka Mpya zinamjia kuliko alipokuwa hai.
Daktari wa meno wa Sakai ameandika:
mikono kama hii haizaliwi tena.
Nikaitazama mikono. Kovu la nyuzi mia tatu na hamsini
limelala kwenye kidole gumba kama kiroboto.
Nikapanda kumsomea.
Kilemba cha ukoka hicho, Morio,
na nyasi nimezikata mimi.

Jumamosi akaja binti, sare ya shule,
jina Kotoha limeshonwa kwenye begi,
gemu ya mkononi ameifunga kwa leso.
"Ni ya kaka yangu," akasema, kabla sijauliza.
"Kaka anasema kitufe cha kushoto kinakwama.
Kaka anasema ni ile kaboni ya chini imechakaa,
saketi ni nzima, kaka ameshapima kwa mita."
Gumba lake la kushoto lina sugu.
Nyuma ya gemu, stika ya paka imelika
kwa umbo la kiganja kidogo.

"Mume wangu anauliza kaka alipata omu ngapi."
Sikuwa nimepanda hata ngazi moja.
"Kaka anasema mia mbili."
"Mume wangu anasema kaka ana akili."
"Kaka anashukuru."

Kimya. Juu, friji ikanguruma, ikanyamaza.
Harufu ya ubani ikashuka ngazi yenyewe,
na yeye akainua pua.
Hakuna mtoto wa hapa asiyeijua harufu ile.
"Shangazi, mume wako..."
"Na kaka yako?"
Akaikunja leso mara nne, mara tano, mpaka ikagoma.
"Nimezaliwa peke yangu."

Nikasogeza kiti cha Morio, kile cha kumenyea viazi.
Nikawasha chuma, tukangoja kipate moto.
"Shika hapa," nikamwambia. "Si hapo.
Hapo panaunguza."