Safu ya Ua

Fomu ya ofisi ina safu kumi na moja.
Jina: podo. Mahali: bondeni, nyuma ya Heru Juu,
mwendo wa saa mbili kutoka barabarani,
tatu kama Ruhuza ndiye aliyebeba ngazi
na kila kijito anasimama kuosha miguu.

Urefu: mita ishirini na sita, kwa kupima kivuli.
Gome: la kijivu, linabanduka vipande virefu
kama rangi ya mlango wa posta ya zamani.
Jani: jembamba, gumu kama ngozi ya kiatu,
mshipa mmoja tu katikati.
Halipukutiki. Kiangazi hiki miombo ya kule chini
imebaki mifupa; huu umeshikilia kijani chake,
kijani kizito kinachokaribia weusi,
kama mtu asiyevua koti hata akiwa jikoni.

Ua:

hapo kalamu ilikwama.
Hauna ua. Ukoo wake ni wa zamani,
ulikuwapo dunia haijajua kuchanua.
Una vijikoni vyembamba, vya waridi vikiwa vichanga,
ukivigusa
unga wa manjano unakupaka mpaka kope.
Dume, nikasema. Ruhuza akacheka:
"Hata mti?"
Hata mti. Dume peke yake, jike peke yake,
na upepo ndio mshenga.

Tukatafuta jike siku nne.
Tukapita kahawa, tukapita migomba,
tukapita mikaratusi iliyosimama mistari
kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha.
Hakuna.

Usiku nikamuuliza baba,
aliyepasua mbao za misheni
mpaka msumeno ulipomla vidole viwili.
"Ule wa pili? Tuliuangusha sisi.
Nakumbuka kwa sababu ulikuwa na mbegu,
moja moja, tupu, hazina ganda la tunda,
zimekalia kikonyo chekundu, kinono,
kama mtoto aliyepakatwa.
Vile vikonyo tulivila. Vitamu, vinanata.
Ndege walitupigia kelele mpaka giza likaingia."
Na mbao zilikwenda wapi?
Akanitazama
kama niliyeuliza jua linatokea upande gani.

Jumapili nikakaa benchi la tatu.
Mbao nyororo, rangi ya maziwa ya jana,
haina fundo, haina harufu.
Nikapitisha kiganja chini yake, kule randa isikofika,
nikapata kibanzi kidoleni. Sikukitoa.

Madirisha ya upande wa bonde yalikuwa wazi.
Mama Bihonzi, kabla hajaketi,
akafungua leso akapangusa benchi
kama anavyopangusa kila mwaka msimu huu,
akiilaumu barabara.

Barabara yetu ni nyekundu.
Leso ilitoka ya manjano.