Taka

Kule Khulna pesa huitwa taka.
Sikutunga. Ndilo jina lililochapwa kwenye noti,
na sikio langu la Kiswahili
lilicheka siku ya kwanza, siku ya pili,
hadi nilipoketi mlangoni kwa Monowara
akanionyesha bomba lao linakopita.

Linapita ndani ya mtaro.
Limechubuka mahali, nyuma ya duka la kinyozi,
na umeme ukikatika, nguvu ya maji ikishuka,
bomba hugeuka likaunywa mtaro.
Asubuhi maji hutoka na rangi ya suuzo la birika.
Jumatano taka iliingia ndani, ndoo moja.
Alhamisi taka ikaanza kutoka.

Jhontu, miaka miwili na nusu.
Ukimfinya ngozi ya tumbo
inabaki imesimama, imesahau kurudi.

Hospitali ni bure. Wote watakwambia,
na ni kweli: kitanda bure, dripu bure.
Ila hospitali haina miguu.
Saa nane za usiku bajaji ilitaka
nauli ya mchana mara tatu,
na dereva hakukosea, naye ana wake wa kulisha.
Kisha ndizi mbichi za kuchemsha. Kisha dafu.
Kisha shiti la plastiki, kisha sabuni, kisha
salio la simu la kumwambia baba yake
kwamba bado, bado, bado.
Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga.
Hawakusema ni nani basi huulizwa.

Tofazzal huendesha riksho isiyo yake.
Mwenyewe hudai kodi kila magharibi,
iwe imezunguka mji, iwe imelala.
Ililala siku nne.
Siku nne ikadai.
Na Monowara humenya kamba kwenye depo,
mikono ndani ya barafu, malipo kwa kilo;
kilo haijui kuuguza,
haitumi hata salamu za pole.

Jumapili mama wa kikundi cha mkopo alifika na daftari.
Hakuwa mkali. Ukali ungekuwa nafuu.
Aliketi, akauliza hali ya mtoto,
akafungua ukurasa.

Kipini kikaenda kwa sonara.
Tundu puani kalichomeka njiti ya ufagio
lisije likajifunga,
kwa kuwa kuliacha lijifunge
ni kukiri kitu ambacho hajawa tayari kukikiri.

Jhontu alipona Jumatatu. Aliomba biskuti.
Mama mtu akalia, si kwa ajili ya biskuti,
au pengine kwa ajili ya biskuti.
Tumbo la mtoto lilifunga.
Tumbo la nyumba bado linaendesha,
wiki ya saba sasa,
na hakuna pakiti ya chumvi na sukari
ya kukorogea deni.

Nikamwuliza, mjinga mimi, mbona hachemshi maji.
Hakukasirika. Alinihesabia
kwa vidole vilivyochanwachanwa na magamba:
kuni za kuchemshia maji ya watu watano
ni kilo mbili za kamba, kila siku ya Mungu.
Kuni za mtu mmoja, hizo anazimudu.

Kwa hiyo kuna chupa moja, kizibo chekundu,
juu ya kabati, ya Jhontu peke yake.
Haiguswi. Hata mgeni haipewi;
mimi nilinunuliwa soda, kwa mkopo, nikainywa.

Yeye hunywa ya bomba.
Hunusa kwanza, hufumba macho.
Anajua siku yake itafika, tumbo si jiwe,
naye amekwisha kuichagua,
kama mtu anayechagua kitambaa dukani:
isiwe Jumapili ya daftari,
isiwe siku ambayo malori ya kamba yanashusha.
Ijumaa, anasema. Depo hufungwa Ijumaa.
Ningepata kuugua Ijumaa,
nikaamka Jumamosi.