Safu ya Ukuta

Kwenye daftari langu miti imesimama kichwa chini:
mzizi juu, majani yananing'inia.
Dokta Raghunathan hakutuomba radhi.
"Ndivyo inavyochorwa," alisema, akafuta ubao,
na sisi kumi na mmoja, watu wazima wenye kazi za mchana,
tukainama tukanakili.

Nina miaka arobaini na miwili. Nimerudi shule
kwa shahada ya pili, hapa Al Khoudh, saa kumi na mbili jioni,
baada ya benki, kabla wanangu hawajalala.
Wenzangu hutamka "logi ya n"
kama wanaotaja jirani.
Mimi naihesabu kwa vidole chini ya meza:
elfu moja na ishirini na nne, gawa, gawa, gawa,
mara kumi, inabaki moja. Kumi tu!
Nani alinidanganya miaka yote hii
kwamba kutafuta ni kupekua kila droo?

Kazi ya wiki ya tisa: chukua foleni ya kweli,
ipange upya, uthibitishe haipangiki vizuri zaidi.
Wengine walichukua taa za barabarani, makontena ya Sohar.
Mimi nikachukua maji.

Kwetu Mudhairib maji ya falaji hugawiwa kwa saa.
Nusu saa huitwa athari. Ukifa,
athari yako hukatwa kwa warithi,
nao wakifa, vivyo hivyo,
kipande cha kipande,
kitendakazi kinachojiita chenyewe
bila mtu wa kukiambia basi.
Mama ana dakika tatu na sekunde arobaini na tano,
kila siku ya nane, saa nane na dakika arobaini usiku.

Daftari la zamu analo binamu yangu Muhanna.
Alinipigia picha kurasa zote, gumba lake likiwa kwenye kila picha.
Nikaingiza majina mia moja na sita.

Algoriti yangu ya kwanza ilikuwa mlafi
(ndilo jina lake darasani, si tusi):
hunyakua kilango kilicho karibu, kisha kinachofuata,
haitazami nyuma.
Ikaokoa robo ya maji yanayonywewa na mfereji mkavu.
Nikapiga ukelele jikoni. Mwanangu akadhani nimeungua.

Muhanna akaisoma orodha. Akacheka kwa pua.
"Umemweka Bi Thuraya nyuma ya Mabkhut."
Basi?
"Anayefuata ndiye humfungia aliyetangulia.
Hawa hawajasemezana tangu ule ukuta. Miaka tisa.
Nani atamgongea mwenzake usiku wa manane?"

Daftari halina safu ya ukuta.

Nikachora grafu. Kati ya Thuraya na Mabkhut
nikaandika uzito usio na mwisho.
Kesho yake ujumbe: "Na hawa pia."
Wawili wa mahari. Mmoja wa mbuzi.
Ndugu wawili ambao sababu yao
hata wenyewe wameisahau, ugomvi wanao.
Kila ujumbe ukarefusha mzunguko kidogo,
robo yangu ikayeyuka dakika kwa dakika.

Usiku wa mwisho kompyuta ilikokotoa tangu isha
hadi feni yake ikanuka vumbi la moto.
Alfajiri ikanipa mpangilio bora kuliko yote.
Nikaulinganisha na daftari la zamani, jina kwa jina.
Ulitofautiana kwa watu wawili.

Kumi na saba kwa ishirini. Pembeni, kwa wino mwekundu:
*Vikwazo hivi vimetoka wapi?*

Alhamisi nikaenda nyumbani.
Mama alikuwa barazani na ungo wa mchele.
Nikamuuliza, kama mzaha,
angekubali kubadilishana zamu na Bi Zahwa?

Hakunijibu.
Akausogeza ungo kwenye mwanga,
akaendelea kutafuta mawe,
punje kwa punje, bila kuruka hata moja.